Kijiti Mdomoni, Sukari Mbali

Hii stori ni ya mdomo, na si ile mdomo ya kuropoka. Ni meno, ufizi, na ile harufu yenye inafanya dem arudi nyuma ukimkaribia kumpiga sound.

Ijumaa ukipita nje ya msikiti wa Jamia pale tao, ama ukizunguka Isich, utacheki buda amepanga vijiti za kahawia kwa mafungu. Bei haifiki soo. Wasee wengi wa rika yetu hupita hapo wakidhani hiyo ni form ya wazee wa msikiti, ama ya watu wa ocha wenye hawana Colgate. Alafu hao hao wanaingia supa, wanatoa chapaa mob kununua dawa ya meno yenye imechorwa majani kwa boksi. Wote wanauziwa mti, sema tu buda wa Jamia anakupea mti yenyewe uishike kwa mkono.

Na nikuchanue mapema ndo usiseme hukuambiwa: hizo mimea ziko na nguvu ya ukweli, si porojo za mganga. Lakini hakuna mti yenye imewahi mea hii dunia yenye itakuokoa ka wewe mwenyewe ndo unalisha adui kutoka asubuhi hadi usiku.

Nani amejenga kwa meno zako?

Pitisha ulimi kwa meno saa hii. Ukihisi utando laini, yenye inateleza, hiyo si dishi ya jana imebaki. Ni bakteria wamejenga. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft kule Uholanzi, alikwangua hiyo utando kwa meno zake mwenyewe mwaka wa 1683, akaiweka chini ya lenzi zenye alikuwa anajitengenezea, na akapata viumbe vidogo vikikatika kwa mate. Alishtuka vibaya, na alikuwa msee wa kuosha meno kila siku.

Hiyo mjengo huenda hivi. Ukimaliza tu kupiga mswaki, mate inapaka jino na kautando kembamba ka protini. Bakteria wa kwanza wanadandia hapo. Alafu anaingia kontrakta mwenyewe, Streptococcus mutans, bakteria yenye J. Kilian Clarke aliitambua Uingereza mwaka wa 1924. Huyu akipata sukari ya kawaida, ile ya chai, anafanya mambo mbili. Anaimeng'enya na kutoa asidi. Alafu ingine anaigeuza kuwa gundi, na hiyo gundi ndo simiti yenye inashikilia ploti yote kwa jino. Asidi ikishusha pH chini ya 5.5 hivi, madini ya jino inaanza kuyeyuka. Shimo inaanza hapo, na mara nyingi huwezi hisi kitu mpaka ikaribie mshipa, ile saa unakesha ukishika shavu.

Ploti ikikaa bila kubomolewa karibu na ufizi, wanahamia matenant wengine, wale hawataki hewa, ka Porphyromonas gingivalis. Hawa msosi yao ni protini. Wanatoa gesi za salfa zenye zinanuka, na ufizi inaanza kuvuja damu ukipiga mswaki. Ukiona damu kwa sinki, usiseme mswaki ni ngumu. Hiyo ni ufizi inakuambia kuna watu wamejaa huku. Na si wewe pekee: WHO ilisema mwaka wa 2022 ati karibu watu bilioni 3.5 duniani wako na ugonjwa fulani ya mdomo.

Sasa, ka unataka kuzuia mjengo, ziko njia tatu: uue wajenzi, uwanyime simiti, ama uwakatie msosi. Mimea ziko na form kwa kila moja.

Kijiti ya Jamia: kuua wajenzi

Ile kijiti hutoka kwa mti inaitwa Salvadora persica. Ni mti ya jua kali. Waturkana huiita esekon, Wamaasai oremit, Wasomali caday. Inamea sana huko Turkana, Garissa, Marsabit na Tana River, penye mimea zingine zimesalimu amri. Watu hutumia matawi pia, lakini mizizi ndo inapendwa zaidi.

Ukiitafuna mara ya kwanza utahisi ukali flani inapanda hadi puani. Huo ukali unaitwa benzili isothiosayaneti. Ka unataka kuijua bila kununua kijiti, kula papai alafu utafune mbegu zake moja mbili. Ile moto utahisi ni hiyo hiyo. Mti haikai na hiyo kitu ikiwa tayari. Inaweka malighafi huku, kimeng'enya kule. Mdudu akiuma, ama wewe ukitafuna, hizo mbili zinakutana na silaha inazaliwa papo hapo. Ndo maana kijiti kavu yenye imekaa kwa droo miezi haikuchomi ka ile mpya.

Watafiti wa chuo cha Karolinska kule Sweden waliifuatilia vizuri. Kwa kazi yenye walitoa mwaka wa 2008, waliweka vipande za kijiti karibu na bakteria kwa sahani za maabara. Kuna vipande zilizamishwa ndani, na kuna zingine ziliwekwa juu tu bila kugusa. Hata zile hazikugusa zilichapa bakteria, kumaanisha kuna kitu ilikuwa inapaa hewani kutoka kwa kijiti. Mwaka wa 2011 wakaitaja kwa jina: ni hiyo benzili isothiosayaneti. Bakteria wenye walilia zaidi ni wale wa ufizi, pamoja na huyo P. gingivalis wa harufu.

Lakini sikia hii, juu wauzaji hawataki kukushow. Streptococcus mutans, kontrakta wa mashimo, hakuchapwa sana ka hao wengine. So kijiti ni noma kwa ufizi na kwa harufu, lakini usiichukulie ka ngao ya kutoboka meno. Kazi ingine kubwa ya kijiti si kemikali hata: ni zile nyuzi. Zinasugua, zinabomoa ploti kwa nguvu. Ndo maana WHO miaka za 80 ilisema watu wenye wamezoea kijiti waendelee nayo. Msee mwenye anasugua poa na kijiti anaeza fikia msee wa brashi ya plastiki, ka wote wanajua wanachofanya.

Mwarobaini nayo iko kwa hii timu. India watu wametafuna vijiti zake tangu kitambo, na huku kwetu imejaa kuanzia Pwani hadi nyuma ya keja za Eastlando. Mouthwash za mwarobaini zimejaribiwa kwa watu na zikapunguza utando, sema tu hizo majaribio nyingi zilikuwa za watu wachache. Uchungu yake unaijua. Na onyo: mafuta ya mwarobaini usimpee mtoto ameze, imewahi peleka watoto hosi wakiwa vibaya.

Majani chai: kunyima simiti

Hapa ndo sisi Wakenya tunafaa kujipiga kifua. Majani ya chai, ile ya Kericho na Nandi Hills, iko na kemikali zinaitwa katekini. Kwa maabara, katekini hufanya kitu smart: hazihitaji hata kuua bakteria. Zinashika kile kimeng'enya chenye Streptococcus mutans hutumia kutengeneza gundi, kinashindwa kazi. Kontrakta yuko site, sukari iko, lakini simiti hakuna. Chai ya kijani ndo iko na katekini mob, juu majani yake hayachachushwi. Ile nyeusi, katekini zake nyingi hubadilika wakati wa kuchachusha, zinakuwa vitu vingine vyenye pia vimeonekana maabara vikisumbua hiyo gundi. Plus mti wa chai hufyonza floraidi, ile ya kusaidia jino tutaifikia mbele, kutoka kwa udongo na kuiweka kwa majani.

Sasa kabla ukimbie kwa kibanda kuitisha chai ati ni dawa, cheki venye chai yetu hupikwa. Maziwa nusu, na sukari vijiko tatu ama nne. Protini ya maziwa inadaka hizo katekini, na sukari ni ile ile ya kujenga. Umeleta askari na mwizi kwa gari moja. Chai yenye inasaidia meno ni ya rangi, bila sukari, na najua hapo nimepoteza nusu ya wasomaji. Pia itaacha meno rangi kidogo, so si form ya wale wanataka kung'ara kwa selfie.

Sukari ya miti: kukata msosi

Hii ya tatu ndo inanibamba zaidi. Kuna sukari inaitwa zailitoli, ilikuwa inatolewa kwa mti wa bechi huko Finland, na siku hizi hata kwa magunzi ya mahindi. Ulimi wako unaisikia tamu ka kawaida. Streptococcus mutans anaivuta ndani akidhani ni msosi, alafu anapata hawezi kuimeng'enya. Hakuna asidi inatoka, na nguvu yake imepotea bure.

Kule Turku, Finland, kati ya 1972 na 1975, watafiti Arje Scheinin na Kauko Mäkinen waliwapea watu zaidi ya 100 sukari tofauti kwa msosi yao yote kwa miaka mbili. Wale wa zailitoli walipata mashimo mapya machache sana, karibu asilimia 85 chini ya wale wa sukari ya kawaida. Majaribio za baadaye, zenye watu walikula zailitoli kidogo tu kwa chingamu ama dawa ya meno, hazijapata matokeo kali hivo. Na hiyo inaleta sense: wale wa Turku walikuwa wameondoa sukari ya kawaida kabisa. Shika hiyo point, tutairudia.

Ka unapenda chingamu, geuza pakiti usome. Ikisema haina sukari na iko na zailitoli, tafuna ukimaliza kumanga. Hata ile kutafuna tu inaita mate, na mate ndo inaosha asidi. Lakini usiwahi pea dogi zailitoli. Inaeza mmaliza.

Karafuu, na ile maji ya kuchoma

Kuna ile harufu hukupiga ukiingia kwa daktari wa meno, yenye hufanya roho idunde hata kabla ukae kwa kiti. Hiyo ni karafuu. Ndani ya karafuu za Pemba na Unguja kuna yujinoli, na hiyo ndo sehemu kubwa ya mafuta yake. Madaktari huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Inapasua ngozi ya bakteria na inafanya mshipa ulale. Shosho alikuambia uweke karafuu kwa jino likikuuma, na hakuwa anabahatisha. Sema tu maumivu ikiisha si ati shimo imezibika, na mafuta ya karafuu bila kupunguzwa inaeza choma ufizi.

Alafu kuna ile mouthwash ya rangi ya dhahabu yenye inakutoa machozi. Listerine ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1879 ikiwa dawa ya kusafisha vidonda, ikaja kuuziwa watu wa meno baadaye. Siri yake ni vitu vinne vyenye asili yao ni mimea: thimoli ya mmea wa thaimu, mentholi ya mnanaa, eukaliptoli ya mkaratusi, na methili salisileti ya mmea inaitwa wintergreen. Hii aina ya mouthwash imepimwa kwa watu kwa miezi sita sita, na ikaonekana inapunguza utando na ufizi kuvimba, ka msee pia anapiga mswaki. Hiyo "ka" ni ya maana. Ukiitumia pekee yake, unaosha paa na watu wako ndani.

Penye mti unachapwa

Sababu mimea pekee haitoshi iko hapa. Kwa maabara, bakteria anawekewa dawa masaa mob akiwa uchi. Mdomoni, mate inaosha dawa kwa dakika chache, na bakteria amejificha ndani ya gundi. Bakteria wakishajenga hivo, wanaeza vumilia dawa hadi mara 1000 ya ile ingeua mmoja akitembea solo. So kila mti nimetaja inafanya kazi poa kwa ploti yenye imebomolewa juzi, na inashindwa na ile imekaa wiki. Ikishakuwa ngumu, ile mawe ya manjano nyuma ya meno za chini, hakuna kijiti, hakuna karafuu. Hapo ni daktari na vyuma zake.

Na tubonge ukweli kuhusu jaba. Veve ya Meru na muguka ya Embu pia ni mimea, na wasee wengine hudai ati kuchana husafisha meno juu ni majani. Cheki venye base hukaa: jaba kwa shavu moja, Big G na njugu kwa ingine, soda pembeni. Soda ya chupa ya mililita 300 hubeba karibu gramu 30 za sukari, na hapo hainywewi mara moja. Inapigwa sip, sip, sip, kutoka saa tisa hadi usiku. Kila sip asidi inashambulia meno nusu saa hivi kabla mate irudishe hali. Ukipiga sip ingine kabla hiyo nusu saa iishe, meno haipati nafasi ya kupumua. Na jaba yenyewe hukausha mdomo, so hata mate ya kuosha ni kidogo. Handas ikiisha unalala bila kupiga mswaki, na usiku mate inapungua zaidi. Hakuna adui wa bakteria kwa hiyo picha yote.

Same na wewe wa energy drink kwa mat, wewe wa mandazi na chai kila saa mbili kwa ofisi, wewe wa ukwaju ya Pwani kwa mfuko. Si kiwango tu inaumiza. Ni ile mara ngapi. Sukari yote ikija na dishi, mara moja, meno inaeza jipanga. Kumbuka wale wa Turku: kitu iliwaokoa si ati walikula mti, ni ati sukari ya kawaida ilitoka.

Stori ya Nakuru na dawa bila floraidi

Siku hizi dawa za meno za mitishamba zingine zinajisifu ati hazina floraidi. Na huku Kenya hiyo inauza haraka, juu kila mtu anajua msee wa Nakuru ama Naivasha mwenye meno ziko na madoa ya kahawia. Watu hudhani ni uchafu ama wamesugua vibaya. Si hivo. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mingi imejaa floraidi kupita ile 1.5 mg kwa lita yenye WHO inasema ni mwisho. Mtoto akiinywa wakati meno zake zinatengenezwa ndani ya ufizi, zinatoka na madoa. Ukishakuwa mtu mzima na meno ziko nje, floraidi ya dawa ya meno haiwezi kukuletea hayo madoa.

Na hiyo floraidi ndo inafanya kitu hakuna mti kwa hii list inaeza fanya vizuri hivo: inasaidia jino kurudisha madini yenye asidi ilibeba. WHO iliweka dawa ya meno ya floraidi kwa orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2021. So ukipenda ile ya mwarobaini ama karafuu, buy, lakini geuza boksi usome ka iko na floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm. Mtoto chini ya miaka tatu anawekewa ya saizi ya punje ya mchele, na afunzwe kutema.

Form ya kutumia kijiti bila kujiumiza

Chagua kijiti yenye bado iko na unyevu na harufu. Ikiwa imekauka, iloweke kwa maji safi. Toa gome sentimita moja hivi kwa ncha, tafuna hadi nyuzi zifunguke. Sugua kuanzia kwa ufizi ukienda kwa ncha ya jino, pole pole, nje na ndani, na usisahau zile za nyuma, juu wasee wengi huchorea za mbele pekee ndo wasmile. Ukisugua kwa nguvu kwa upande, ufizi utarudi nyuma na hautarudi tena. Kesho yake kata hiyo ncha, fungua mpya. Usiweke kijiti kwa choo, na usipeane.

Hiyo ni ya mchana: baada ya lunch, kwa stage, ukingoja mat ijae. Usiku piga brashi na dawa ya floraidi, tema, usisukutue sana na maji, na usile kitu tena. Pitisha uzi katikati ya meno penye kijiti na brashi hazifiki. Ka ufizi bado inavuja damu baada ya wiki mbili za kujituma, enda ucheki daktari kabla ikuwe ya kung'oa, juu kung'oa ndo huuma mfuko na roho.

Na ka unashangaa utatoa wapi doo ya kijiti, itoe kwa ile ya soda. Hapo umechapa bakteria mara mbili na change imebaki.